Mguu Kufa Ganzi Baada ya Kujifungua: Lini Usubiri, Lini Ukimbie Hospitali

Mama kajifungua salama, mtoto ananyonya, lakini akishuka kitandani mguu mmoja unaburuzika na vidole vinakwama kwenye mkeka. Huku kwetu Mtwara na Lindi, kama alifanyiwa upasuaji, lawama huangukia sindano ya mgongo, ile ya kutia ganzi. Sindano hiyo inaweza kudhuru neva, ila ni nadra sana: huchomwa kiunoni, chini ya mahali ugwe mgongo, yaani shina la neva lililo ndani ya uti wa mgongo, unapoishia.

Mara nyingi chanzo ni uchungu wenyewe. Kichwa cha mtoto kikikaa muda mrefu kwenye nyonga hugandamiza neva zinazoshuka mguuni. Neva nyingine hupita juujuu upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, nayo hubanwa mama akichuchumaa sana au akishikiliwa magoti wakati wa kusukuma. Ndiyo maana hata aliyejifungua kwa njia ya kawaida, bila sindano yoyote, hupata shida hii.

Neva iliyobanwa tu kwa kawaida hupona ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu. Iliyoumia zaidi huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo wachache husubiri mwaka au zaidi.

Bibi zetu na mashangazi mnaokanda wazazi, hapa nawaomba sana. Mnachofanya ni huduma ya upendo, lakini mguu wenye ganzi hausemi kwamba maji yameunguza. Malengelenge hutoka mama hajasikia kitu, na kidonda cha mguu usiohisi hukawia kupona. Maji yawe vuguvugu, anayekanda ayapime kwanza kwa kiwiko chake mwenyewe, na kidonda cha upasuaji kisiguswe kabisa.

Kinachosaidia ni mazoezi. Mama akae amenyoosha goti, apitishe kanga chini ya unyayo, auvute taratibu kuelekea kwake, ashikilie, aachie, arudie mara kadhaa kwa siku. Bila hivyo kano ya kisigino hukakamaa, na neva ikija kupona unyayo hauinuki. Asikunje nne, na msimu wa korosho asichuchumae kuokota mpaka nguvu irudi. Avae viatu vilivyofungwa, si ndala.

Kuna hali zisizosubiri. Saa 4 zikipita tangu achomwe sindano na bado hawezi kuinua mguu, muuguzi na mtoa usingizi waambiwe hapohapo, hata usiku wa manane. Vivyo hivyo nguvu ikirudi kisha ikapotea, mgongo ukiuma vikali au kwa homa, mkojo ukigoma, au ganzi ikizunguka sehemu za siri. Damu au usaha huenda vinabana neva ndani ya uti wa mgongo, na nafasi ya kuziokoa ni ya saa, si siku. Aliye Liwale au Tandahimba asikandwe kwanza nyumbani. Kituo cha afya kiombwe rufaa mara moja.

Baada ya sindano ya mgongo, kichwa kinachouma akikaa na kutulia akilala nacho kinatibika, arudi hospitali.

Na anayeburuza mguu huku mkojo ukivuja wenyewe baada ya uchungu wa muda mrefu, huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hajalogwa wala hajalaaniwa. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, hutibu fistula bila malipo. Amweleze mkunga wa kituo kilicho karibu ili aanzishiwe rufaa.