Simu yako haijatuambia uko wapi

Kila yanapotokea mafuriko au tetemeko, sisi tunaoweka kwenye ramani jumbe za kuomba msaada zilizoandikwa mitandaoni husikia swali lilelile, hata kwa maofisa wa uokoaji: "Si mtaangalia tu chapisho limetumwa kutoka wapi?" Hatuwezi, na imani hii inatupotezea watu.

Simu inajua ulipo, lakini chapisho lako halisemi. Hata Twitter ilipokuwa ikiruhusu kuambatisha viwianishi vya GPS (namba zinazoonyesha mahali hasa ulipo), ni takriban asilimia 1 hadi 2 tu ya machapisho yaliyokuwa navyo, na mwaka 2019 kampuni ikaiondoa huduma hiyo kwenye machapisho ya maandishi. Kinachobaki, kikibaki, ni jina la mji. Ukiliingiza kwenye ramani, programu hukuwekea alama katikati ya mji, hata kama mwenye shida yuko pembezoni kabisa. Alama kumi hurundikana juu ya nukta moja ambapo hakuna hata mtu mmoja aliyekwama.

Kwa hiyo andika, tafadhali andika! "Tuko juu ya paa, maji yanapanda, tusaidieni" ni ujumbe unaoumiza, lakini hatujui pa kuanzia. "Tuko wanne juu ya paa, nyumba ya tatu kutoka daraja la reli, upande wa shule, saa 9 alasiri" unatosha kutuma boti. Taja na mji, maana ujumbe husomwa na watu walio mbali.

Eti picha hubeba mahali ilipopigwa? Faili halisi huweza kubeba, ila ikishapakiwa Facebook au kutumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa. Sisi hubaki kutafuta kibao cha duka au mnara. Na eneo lililo kwenye wasifu wa akaunti ni lile mtu aliloliandika mwenyewe, pengine zamani.

Wengine huamini kwamba programu ikilitambua jina la mahali, kazi imekwisha. Paris ipo Ufaransa na ipo Texas. Haiti, baada ya tetemeko la Januari 2010, jumbe fupi za simu za kuomba msaada zilizotumwa kwa namba 4636 zilitafsiriwa na kuwekwa kwenye ramani kwa msaada mkubwa wa Wahaiti walioko ughaibuni, walioijua mitaa kwa majina yake ya kienyeji.

Kusambaza sana nako hakusaidii kama ujumbe umepitwa na wakati: boti huwafuata watu waliokwisha kuokolewa jana. Ukishatoka salama, futa chapisho lako, au andika juu yake "tumeshatoka" na saa.