Je, wajua kwa nini "enquire" na "inquire" yote mawili ni sahihi?

Umeandika barua ya Kiingereza, ukaweka "enquire", yaani kuuliza, kompyuta ikalipigia mstari mwekundu. Ukabadilisha "e" ikawa "i", mstari ukatoweka. Hukuwa umekosea. Huenda kompyuta hiyo imewekwa kusahihisha Kiingereza cha Marekani tu.

Neno lenyewe lina asili ya Kilatini: "inquirere", lililojengwa juu ya "quaerere", yaani kutafuta. Lakini Waingereza walilipokea kupitia Ufaransa, na Kifaransa cha kale kilikuwa kimekwisha kuigeuza "i" ya mwanzo kuwa "e". Baadaye wasomi walioenzi Kilatini wakairudisha "i" yao, ila "e" ilikuwa imeshazoeleka na haikung'oka. Jozi ya "ensure" na "insure" nayo ilianza hivyohivyo, kama tahajia mbili za neno moja, kisha yakagawana kazi: la kwanza kuhakikisha, la pili kukatia bima.

Wamarekani hutumia "inquire" karibu kila mahali. Waingereza wengi hutenganisha: "enquire" ni kuuliza kwa kawaida, "inquire" ni kuchunguza rasmi. Ndiyo maana dirisha la maulizo huandikwa "Enquiries", ilhali sheria yao ya mwaka 2005 kuhusu tume za uchunguzi inaitwa Inquiries Act. Hata hivyo, wapo Waingereza wasioshika mgawanyo huo, na hakuna anayeweza kuwaambia wamekosea. Mimi ningesema chagua tahajia moja, uishike hadi mwisho wa barua.

Kwa maoni yangu, tahajia si jambo zito hapa. Zito ni kinachofuata baada ya kitenzi. Ukiweka "about", unaulizia jambo. Ukiweka "into", unalichunguza. Ukiweka "after", unamjulia mtu hali, hata kama yeye mwenyewe hayupo. Sisi tuliozoea "nilimuuliza", ambapo anayeulizwa amebebwa ndani ya kitenzi chenyewe, huteleza kirahisi tukaandika "I inquired him". Kiingereza hakikubali hivyo. Kitenzi hiki hakimpokei mtu moja kwa moja. Lazima "of" ikae katikati, "I inquired of him", nayo husikika kama lugha ya zamani. Ukitaka kumtaja uliyemuuliza, tumia "ask": "I asked him".