Globu Haili Umeme: Dhana Potofu za Darasani na Ukweli Wake

Mtoto wa darasa la tano aliyezoea kusikia nyumbani kwamba pasi "inakula umeme" hufika shuleni akiamini kuwa umeme hutoka kwenye betri, huingia katika globu na kuliwa humo, na kwamba waya wa pili ni pambo tu. Ukweli ni kwamba mkondo unaoingia katika globu ndio huohuo unaotoka, wala haupungui. Kinachoachwa humo ni nishati, nayo hugeuka kuwa mwanga na joto. Ndiyo maana waya mmoja hauwashi kitu, kwa kuwa ni lazima njia izunguke na kurudi kwenye betri. Betri moja, globu ya tochi na vipande viwili vya waya vinatosha kulionyesha hilo bila maabara.

Dhana iliyoota mizizi zaidi, hata kwa watu wazima, ni kwamba paneli ya sola huzalisha umeme kutokana na joto la jua. Silikoni iliyomo ndani ya paneli hufanya kazi kwa mwanga, na joto huidhoofisha: kila nyuzi moja ya Selsiasi inayozidi 25 katika joto la paneli yenyewe hupunguza uwezo wa paneli ya kawaida kwa takriban asilimia 0.3 hadi 0.5. Kwa hiyo anga jeupe la Dodoma ni faida, lakini bati lake la saa saba mchana ni hasara, na fundi mzuri huacha nafasi chini ya paneli ili hewa ipite. Nadhani kinachowachanganya watoto ni kile kifaa cha kuchemshia maji kwa jua kinachowekwa juu ya paa hilohilo. Hicho kweli hutumia joto.

Neno "jadidifu", yaani nishati inayorudishwa na maumbile baada ya kutumika, nalo hufundishwa kana kwamba maana yake ni "isiyopungua kamwe". Mitambo ya bwawa haimalizi maji, kwani yakishaizungusha huendelea na safari yake mtoni. Hata hivyo, mvua isiponyesha kina hushuka, na ukame uliiletea Tanzania mgawo wa umeme mwaka 2006 na 2011. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, nalo linasubiri mvua hizohizo. Kuni pia ni jadidifu, ila kwa yule tu anayepanda mti mwingine na kuungoja ukue.