Olynthos: mji wa Kigiriki unaosomeka kwenye sakafu za nyumba

Anayetaka kujua Wagiriki wa kale waliishije majumbani mwao asianzie Athens. Kule kila kizazi kilijenga juu ya misingi ya waliotangulia, na ya chini yakavurugika. Olynthos, katika eneo la Chalkidiki kaskazini mwa Ugiriki, ilitekwa na Filipo II wa Makedonia mwaka 348 KK, watu wake wakauzwa utumwani, na sehemu kubwa ya mji haikujengwa tena. Vyombo vingi vikabaki palepale sakafuni.

Mji ulitanuka ghafla mwaka 432 KK, wakazi wa miji midogo ya pwani walipoasi dhidi ya Athens na kuhamia hapa kwa kuhimizwa na Perdikkas II, mfalme wa Makedonia. Kilima cha kusini kina mitaa ya kupindapinda ya zamani. Kilima cha kaskazini kilipimwa upya: barabara zilizonyooka, na kila kitalu kina nyumba kumi, safu mbili za nyumba tano tano. Katikati ya safu hizo hupita kichochoro chembamba cha kupitishia maji ya mvua. Nyumba ya kawaida ni mraba wa takriban mita 17 kila upande.

Ndani kuna ua, na kaskazini mwa ua kuna baraza ndefu inayoelekea kusini. Wakati wa baridi jua liko chini, likaingia hadi ndani ya baraza. Wakati wa joto liko juu, na paa likaleta kivuli. Nyuma ya baraza vimepangwa vyumba. Usitafute jiko la kudumu kila nyumba, kwani mara nyingi walipikia majiko ya kubebeka.

Chumba kinachotambulika upesi ni andron, sebule ya wanaume. Ukutani pembeni kuna jukwaa fupi la vitanda vya kuegemea, na mlango haukukaa katikati ya ukuta. Sababu ni hesabu tu: chumba cha mita 4.7 hivi kila upande huingia vitanda viwili kwa kila ukuta, vikifuatana kwa kuzunguka, na kimoja hutolewa kupisha mlango. Vinabaki saba. Sakafu ya katikati huenda ikawa na mosaiki, yaani mapambo ya kokoto asilia zilizopangwa, na ile ya Bellerophon, shujaa wa hadithi za Kigiriki, akimwua dubwana Chimera ni miongoni mwa za kale zaidi Ugiriki zenye picha za viumbe.

Wageni wengi huvunjika moyo wakikuta kuta fupi za mawe tu. Hizo ni misingi. Juu yake palikuwa na matofali mabichi ya udongo. Paa la vigae lilipoporomoka, mvua iliyayeyusha na udongo ukafunika sakafu. Udongo huohuo ndio uliohifadhi vitu, ila tabaka lake si nene, na jembe la mkulima hufikia vilivyo chini.

Ushahidi wa vita umo humohumo: vigumba vya mishale vya shaba na risasi za kombeo vyenye jina la Filipo, baadhi vikiwa ndani ya nyumba. Lakini tahadhari: chungu kilichokutwa chumbani hakithibitishi kwamba chumba kilikuwa cha kupikia. Watu walikimbia wakibeba mali, kisha askari wakapora. Tunachokiona ni masalio ya vurugu.

Tatizo jingine ni uchimbaji wenyewe. Mwanaakiolojia Mmarekani David M. Robinson, kuanzia 1928 hadi 1938, alifukua zaidi ya nyumba 100 na kuchapisha orodha ndefu za vitu, jambo ambalo wachache walilifanya enzi zile. Hata hivyo vigae vya vyungu vya kawaida havikupewa uzito wa sanamu na sarafu. Ndiyo sababu mradi wa pamoja wa Wagiriki, Waingereza na Wamarekani ulioanza mwaka 2014 ulirudi kilima cha kaskazini na kuchimba nyumba moja polepole, ukichekecha udongo na kupima kemikali za sakafuni.