Kozi ya Usanifu wa Ndani Marekani: Ithibati Gani, na ya Nani?

"Chuo kina ithibati, basi na kozi inayo."

Hili ndilo linalowaponza wengi. Marekani ithibati ya chuo kizima ni kitu kimoja, na ithibati ya kozi ni kingine. Ya chuo ndiyo inayomwezesha mwanafunzi anayestahili kupata mkopo wa serikali kuu, na ndiyo vyuo vingine huangalia kwanza ukitaka kuhama na masomo yako. Ya kozi ya usanifu wa ndani hutolewa na CIDA, baraza lenye makao Grand Rapids, Michigan, lililoanza mwaka 1970 kwa jina la FIDER. CIDA hukagua kozi ya shahada ya kwanza au ya uzamili, kisha hurudi kukagua upya baada ya miaka sita. Kozi ya miaka miwili haimo. Ukisikia pia NASAD, hao hutoa ithibati kwa vyuo na idara za sanaa na ubunifu kwa ujumla, tangu 1944. Muhuri wao una heshima yake, lakini hauchukui nafasi ya CIDA.

"Ikishapatikana, imepatikana."

Waulize waliosoma Illinois Institute of Art na Art Institute of Colorado. Januari 2018 tume iliyokuwa ikivipa vyuo hivyo ithibati, HLC, iliviondolea ithibati na kuvirudisha kwenye hadhi ya chuo kinachoomba. Tume ilivitaka viwaeleze wanafunzi. Havikuwaeleza. Miezi ikapita, tovuti zikiendelea kudai ithibati ipo, wanafunzi wakiendelea kulipia masomo kwa mikopo. Kabla ya mwaka kwisha vyuo vyote viwili vikafungwa. Baadaye serikali ililazimika kufuta sehemu ya mikopo ile, lakini muda uliopotea haukufutika.

Na hata ithibati iliyo hai haimaanishi kwamba chuo kina fedha. University of the Arts ya Philadelphia ilitangaza tarehe 31 Mei 2024 kwamba inafungwa, na tarehe 7 Juni milango ikafungwa kweli. Wapo waliokuwa wameshalipa kishika nafasi cha muhula ujao.

Kwa hiyo usisome habari za ithibati kwenye tovuti ya chuo pekee. Nenda kwenye orodha ya anayeitoa, tafuta jina la kozi, shahada na kampasi, uangalie na mwaka wa ukaguzi unaofuata. Chuo chenye kampasi kadhaa kinaweza kuwa na kozi yenye ithibati kwenye kampasi moja tu. Ofisa udahili akikujibu kwamba wako "kwenye mchakato", mwombe barua. Mimi jibu hilo peke yake silihesabu.

"Bila CIDA huruhusiwi kufanya mtihani wa taaluma."

Unaruhusiwa. Mtihani wenyewe ni NCIDQ, una sehemu tatu, na aliyesoma kozi isiyo na CIDA anaweza kuufanya mradi masomo yake ya usanifu wa ndani yafikie kiasi kinachotakiwa. Mwenye shahada ya kwanza anahitaji pia saa 3,520 za kazi, yaani kama miaka miwili ya kazi ya kutwa. Mwenye stashahada naye ana njia yake, ila saa zake ni nyingi zaidi. Faida ya CIDA hapa ni kwamba masomo yako hayataanza kuhojiwa moja moja.

"Kila msanifu wa ndani lazima awe na leseni."

Kupanga sebule ya mtu, kumchagulia rangi na mapazia, sehemu kubwa ya Marekani hakuhitaji leseni. Louisiana, Nevada na Washington DC ndiko sheria ilikobana zaidi. Hapo ndipo ninapoona uamuzi ulipo: anayetaka kazi za nyumba za watu asijibebeshe deni kubwa kwa ajili ya muhuri wa CIDA. Anayelenga hospitali, hoteli na maofisi, ambako mchoro wako utahojiwa kuhusu njia za kutokea moto ukizuka na kanuni za ujenzi, autafute, hata kama ni kwa kukiacha chuo chenye jina.

"CIDA ni ya Marekani tu."

Sivyo. VCUarts Qatar, tawi la Virginia Commonwealth University ya Marekani lililoko Doha, lina kozi ya usanifu wa ndani yenye ithibati ya CIDA. Mwenye ndugu Ghuba alijue hilo kabla hajaanza kuhesabu nauli ya Chicago.

"Ukirudi na muhuri wa CIDA, nyumbani umemaliza."

Kwa Tanzania, anayetambua shahada ya nje ni TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, nao wana utaratibu na nyaraka zao wanazozitaka. Wasiliana nao kabla ya kulipa ada ya muhula wa kwanza.