Kwa nini kazi uliyoiandika mwenyewe huonekana imenakiliwa karibu yote?

Je, wajua kwamba unaweza kuandika sura nzima kwa mkono wako, kisha programu ya kukagua wizi wa kitaaluma ikaonyesha kuwa asilimia 96 yake inafanana na kazi ya mtu mwingine? Ilinitokea. Sura ya pili ya tasnifu yangu ilirudi ikiwa nyekundu, na chanzo kilichotajwa kilikuwa kazi ya mwanafunzi wa chuo ambacho sijawahi kukanyaga. Mimi nilidhani nimeibiwa. Msimamizi wangu alidhani nimeiba. Sote tulikosea, na kosa letu lilikuwa moja: tuliisoma ile namba kama hukumu.

Turnitin, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwishoni mwa miaka ya 1990, haipimi wizi. Inapima ufanano. Asilimia 30 maana yake ni kwamba sehemu hiyo ya maandishi yako imekutwa pia mahali pengine. Kwa nini imekutwa huko, namba haisemi. Orodha ya marejeleo iliyoandikwa kwa usahihi itafanana na ya kila aliyesoma vitabu hivyohivyo. Swali la mhadhiri ulilolinakili juu ya insha litafanana na la darasa zima. Tamko la uhalisi kwenye kurasa za mwanzo za tasnifu, ambalo chuo chenyewe kinakulazimisha uliandike vile lilivyo, nalo linahesabiwa. Mhadhiri anaweza kuamuru nukuu na marejeleo yaachwe nje ya hesabu, lakini lazima aamuru.

Fikiria kazi mbili zenye asilimia 18. Ya kwanza imeokota makombo kutoka vyanzo thelathini na sita, nusu asilimia hapa, nusu asilimia pale: majina ya taasisi, istilahi, misemo ya kitaaluma. Ya pili ina kurasa 40, na saba kati yake zimetolewa mfululizo kwenye kitabu kimoja bila kukitaja. Zote mbili zitaonyesha kijani, rangi ya ufanano mdogo kwenye ripoti, kwa sababu kijani huendelea hadi asilimia 24. Ya kwanza haina kesi. Ya pili inayo, na kubwa. Ndiyo maana chuo kikitangaza kikomo kimoja cha asilimia na kuishia hapo, kinaweza kumpitisha mwizi na kumsumbua mtu mwaminifu siku hiyohiyo. Sifuri nayo si cheti cha usafi: kazi iliyoandikwa na mtu wa kulipwa, kama ni mpya kabisa, haitafanana na chochote.

Sasa, mashine inajuaje kwamba maneno yamefanana? Haisomi maana. Chukua sentensi hii: mnazi hukua vizuri kwenye udongo wa kichanga karibu na bahari. Ni maneno kumi. Yaone kama shanga kumi kwenye uzi. Shika tatu za kwanza. Sogea shanga moja, shika tatu tena. Ukifika mwisho utakuwa na mafungu manane. Kila fungu hupitishwa kwenye kanuni ya hesabu inayotoa namba, na fungu lilelile hutoa namba ileile daima. Ukibadili "vizuri" kuwa "vyema", mafungu matatu yenye neno hilo yatabadilika. Matano yatabaki vilevile, na hayo yanatosha kukutaja.

Namba hizo ni nyingi mno kuhifadhiwa zote. Mwaka 2003, Saul Schleimer, Daniel Wilkerson na Alex Aiken walichapisha njia ya kuzichuja, wakaiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kupepeta. Sijui jina linaloifaa zaidi. Katika kila kundi la namba kadhaa zinazofuatana hubakizwa iliyo ndogo kuliko zote, nyingine zinapeperushwa kama makapi kwenye ungo. Kwa kuwa kigezo hakibadiliki, kipande kirefu kilichomo katika kazi mbili kitabakiza punje zilezile katika zote mbili, hata kama huku kiko ukurasa wa 3 na kule ukurasa wa 60. Turnitin hailazimiki kutumia njia hii hasa, maana kanuni yake ni siri ya biashara, ila wazo la alama za vidole vya maandishi, yaani namba chache zinazoitambulisha kazi, ni hilohilo.

Kiswahili kinaleta jambo la kuvutia hapa. "Mnazi mrefu unaopandwa" ukiuweka katika wingi unapata "minazi mirefu inayopandwa": maana ni karibu ileile, lakini hakuna neno hata moja lililobaki kama lilivyokuwa. Programu inayohesabu maneno itapotea. Inayohesabu herufi bado itaona "opandwa" katika zote mbili.

Basi sura yangu ilifananaje na kazi ya chuo kingine? Wiki mbili kabla ya kuikusanya nilimlipa kijana wa duka la steshenari aniangalizie asilimia mapema. Alitumia akaunti ya chuo kingine, na kisanduku cha kukusanyia kazi alimoipandisha sura yangu kilikuwa kimewekwa kuhifadhi kila kinachoingia. Tangu siku ile alama za vidole vyangu zikawa ghalani, yaani kwenye hifadhi ya kazi ambazo Turnitin hulinganisha nazo kazi mpya, chini ya jina lisilo langu. Mhadhiri anapofungua kisanduku cha kukusanyia kazi ana uwezo wa kuchagua: kazi ziingie ghala la pamoja, ghala la chuo pekee, au zisihifadhiwe kabisa. Kwa rasimu, chaguo la mwisho ndilo sahihi, na ninatamani kila mhadhiri angelichagua ili wanafunzi wasihitaji kwenda steshenari. Kazi ikishaingia ghalani, mwanafunzi hawezi kuitoa mwenyewe. Ombi la kuifuta hupitia kwa mhadhiri na chuo ilikokusanywa.

Msimamizi wangu alifungua ripoti yenyewe badala ya kuishia kwenye namba. Aliona chanzo kimoja tu kikubwa, akaniuliza, nikamweleza. Akakiondoa chanzo hicho kwenye hesabu. Ikabaki asilimia 9, karibu yote ikiwa orodha yangu ya marejeleo.