Maswali Tunayomuuliza Kila Mzazi Wiki ya Kwanza Wodini

Mama amekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto kalala na dripu mkononi. Jana ameambiwa kuwa ule uvimbe wa taya, ambao kijijini walidhani ni jino, ni saratani. Leo nimekuja mimi, afisa ustawi wa jamii wa wodi, na karatasi yangu. Watoto wengine umemwachia nani? Nauli ya kufika hapa ilitoka wapi? Nyumbani kwenu, jambo zito likitokea, nani ana neno la mwisho?

Wengi hushtuka. Maswali ya homa, ya choo na ya kula wameyazoea, lakini haya ya nyumbani yanawaonekea kama upelelezi. Wengine hujibu "tuko sawa tu" ili niondoke. Siwalaumu, maana ni nadra mtu kuelezwa majibu yake yanakwenda wapi. Ndiyo sababu naandika.

Nianze na huo uvimbe wa taya. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, akifanya kazi Uganda, aliandika kuhusu uvimbe wa taya za watoto aliokuwa akiuona mara kwa mara, na leo saratani hiyo inaitwa limfoma ya Burkitt. Inakua haraka sana, lakini pia inaitikia dawa haraka. Baada ya dozi za mwanzo uso unarudi kama ulivyokuwa, mtoto anaomba uji, anakimbia kwenye korido. Kwangu mimi hicho ndicho kipindi cha kuogopa. Mzazi anaona mtoto amepona, huku kalenda ya dawa bado ina safari kadhaa. Shambani mvua zimeanza. Mdogo wake ana homa kwa bibi. Pesa iliyobaki inatosha nauli ya kurudi nyumbani tu. Wanaondoka, na seli zilizobaki mwilini, ambazo macho hayazioni, zinaanza tena.

Wataalamu wa saratani za watoto huhesabu kwamba matibabu yameachwa pale familia inapokataa kuyaanza, au inapokosa kuhudhuria wiki nne mfululizo au zaidi bila sababu ya kitabibu. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya kwa watoto waliogunduliwa kati ya 2007 na 2009 ulikuta kwamba, kati ya wale ambao mwisho wa matibabu yao ulijulikana, zaidi ya nusu waliyaacha. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 kati ya 100 hupona saratani, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya 30. Mwaka 2018 lilianzisha mpango wa kufikia angalau 60 ifikapo 2030. Dawa zina sehemu yake katika pengo hilo, na kuchelewa kufika hospitali kuna sehemu yake. Lakini sehemu nyingine ni kubwa, na inaanzia nyumbani kwa mgonjwa. Hiyo ndiyo karatasi yangu inayoitafuta.

Fikra hii si yangu. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Anne Kazak na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walichapisha dodoso fupi ambalo mzazi hulijaza mwenyewe kwa takriban dakika kumi, na kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza, Psychosocial Assessment Tool, huitwa PAT. Linagusa muundo wa familia na uwezo wake, watu wanaoweza kuisaidia, hali ya mtoto mgonjwa, hali ya ndugu zake, matatizo ya familia yaliyokuwepo hata kabla ya saratani, mshtuko alionao mzazi sasa, na imani ya familia juu ya ugonjwa wenyewe. Majibu yakijumlishwa, familia huwekwa katika ngazi moja kati ya tatu. Iliyo ngazi ya chini inahitaji maelezo mazuri na mtu wa kumuuliza. Ya kati ina mzigo unaojulikana, na inahitaji msaada wa mzigo huo hasa. Ya juu inahitaji mtaalamu wa afya ya akili au ustawi aishike kwa karibu. Mwaka 2015 wataalamu wa Amerika Kaskazini walitoa viwango 15 vya huduma ya kisaikolojia na kijamii kwa watoto wenye saratani, na cha kwanza kabisa ni hiki cha kuzipima familia kwa utaratibu.

Huku kwetu dodoso kama hilo haliwezi kutumika jinsi lilivyo. Mzazi asiyejua kusoma lazima asomewe, tena faraghani, wala si mbele ya kitanda cha jirani. Na lazima liulize nani anaamua. Mtoto mwenye saratani ya jicho anaweza kuokolewa kwa kuliondoa jicho mapema, mama akakubali leo, kesho simu ikatoka kwa babu: mrudisheni. Kama tangu wiki ya kwanza tungejua kuwa neno ni la babu, tungempigia sisi kabla hajapiga.

Kwa nini tunamuuliza kila mtu? Kwa sababu macho yanadanganya. Mama anayelia kwa sauti anaonekana, manesi watamkalia, wenzake watampa chai. Aliyekaa kimya, anayeitikia kila kitu na kushukuru, huyo ndiye anayeweza kufungasha usiku kwa kuona aibu kusema hajala tangu jana. Nimejifunza kutoamini hisia zangu za mlangoni.

Ngazi ya juu haina maana kwamba wewe ni mzazi mbaya. Hatuiandiki ili kumnyima mtoto dawa, na hatuwapigii wakwe kuwasomea. Jambo moja tu halifichiki: kukiwa na mtoto anayedhuriwa, sheria inatutaka tuchukue hatua. Mengine yanabaki kwa timu inayomtibu mwanao.

Kwa wenzangu wa hospitali nyingine nasema hivi. Kumuuliza mtu kama ana njaa kisha ukafunga daftari ni kumuumiza mara ya pili. Kabla ya kuanza kupima, jueni nani atashughulikia nauli, msamaha wa gharama na mahali pa kulala kati ya dozi na dozi. Kisha pimeni tena, maana baba aliyekuwepo mwezi wa kwanza anaweza kuwa ameondoka mwezi wa nne, na matibabu ya aina ya saratani ya damu inayowapata watoto zaidi huchukua miaka miwili hadi mitatu.

Na wewe mzazi, kama hujaulizwa lolote, mwombe nesi akuitie afisa ustawi. Siku mtakayoruhusiwa kwenda nyumbani tutakuomba namba ya simu. Toa mbili: yako, na ya mtu asiyehamahama, kama mwalimu, balozi wa nyumba kumi au mwenye duka. Tarehe ya dawa ikipita hamjafika, tutapiga siku hiyo hiyo, na swali letu la kwanza litakuwa mmepungukiwa nauli kiasi gani.